Filta ya Nasimiyu

Nilikuwa nimeinama kuchota maji ya kuoshea sahani nilipolitambua lile tangi. Lilikuwa limesimama nyuma ya jiko la matanga, pale Bokoli kwa kina shemeji yangu, chini ya mfereji wa paa, limekatwa kichwa kwa msumeno na kujaa maji ya mvua. Rangi yake ya buluu ilikuwa imefifia ikawa kama jivu, lakini ubavuni bado yalikuwepo yale matundu mawili ya mabomba, yamezibwa kwa vipande vya ndala na lami. Nililigusa. Mama mmoja wa kanisa akaniambia nisisimame hapo, sahani zinangojewa, nami nikachota. Upande wa mbele wa nyumba, chini ya hema, shemeji yangu Barasa alikuwa amepewa kipaza sauti azungumze juu ya mke wake. Mke wake alikuwa dada yangu, Nasimiyu, na jeneza lake lilikuwa limewekwa juu ya meza ndogo ambayo nilijua ilitoka sebuleni kwao. "Mimi huyu mama nilimjengea swimming pool," Barasa alisema, na sauti ikatufikia mpaka jikoni. "Muulize Kitale nzima. Ni mwanaume gani hapa amejengea bibi yake swimming pool?" Watu waliguna kwa kukubali, ile sauti ya matangani inayotolewa kwa kila jambo, na wanawake waliokuwa nami wakatikisa vichwa na kusema kweli alipendwa. Mimi si mtu wa kusema mbele za watu, na shule yangu iliishia darasa la nane. Lakini mwaka wa 2006 wote niliukaa Kitale nyumbani kwao, na filta ya bwawa hilo, ambalo tangi lake sasa lilikuwa la kuoshea sahani za wali, niliihudumia kwa mikono yangu mwenyewe. Najua ilikuwa na uwezo gani, na najua ilinyimwa nini. Hotuba ya Barasa watu waliisikia. Hii yangu naiandika.

Nasimiyu aliumia mwishoni mwa mwaka uliotangulia, lori la mahindi alilokuwa amekodi lilipopinduka kwenye mteremko wa Kamukuywa. Kabla ya hapo alikuwa mwanamke wa soko, wa kumwita mchukuzi akiwa upande wa pili wa barabara na akasikika. Kutoka hospitalini alirudi katika kiti cha magurudumu, na sauti ilikuwa imeshuka ikawa ya mtu anayeomba radhi kwa kila kitu, hata akiomba kijiko. Mimi niliitwa nije nimshike. Nilipewa chumba kilichopakana na chake, na mlango kati yetu haukufungwa mwaka mzima. Daktari wa viungo, mama mpole aliyekuwa akimkanda miguu huku akimuuliza habari za bei ya mahindi, alituambia kwamba uti wa mgongo haukukatika, ulishtuka tu. Miguu ingeweza kurudi. Ndani ya maji mwili huwa mwepesi, alisema, na mguu uliosahau kutembea hujikumbusha kidogo kidogo. Lakini ni lazima iwe kila siku, na iwe ndani ya mwaka huo, kwa sababu baada ya hapo misuli hukonda na haiamki tena. Kisha akamgeuza dada yangu ubavu na kutuonyesha kidonda cha kulalia kilichokuwa kimeanza kufunga. "Maji yawe safi kabisa," alisema. "Maji machafu yakiingia hapa, tutarudi nyuma kuliko tulikotoka." Barasa alikuwa amesimama karibu na dirisha, kofia mkononi. Jioni hiyo hiyo alisema atachimba bwawa nyumbani. Sitamsingizia: machozi yalikuwa yakimlengalenga aliposema hivyo, na hakuna aliyemlazimisha. Alikuwa ofisa wa serikali, tena mwenye duka la mbegu, na uwezo alikuwa nao.

Bwawa lilichimbwa nyuma ya nyumba, mahali palipokuwa na migomba. Filta ilichaguliwa sebuleni, siku moja ya mvua, na chumba hicho nakikumbuka vizuri kuliko vyumba nilivyolala mimi mwenyewe: vitambaa vyeupe vya kufuma kwenye migongo ya viti, kalenda ya kampuni ya mbolea, thermosi ya chai, na sahani ya njugu karanga ambayo Barasa aliimaliza peke yake akiwaza. Fundi alikuwa Kibet, mtu wa Eldoret aliyezoea mabwawa ya hoteli. Alitandaza picha mezani akaeleza. Kuna filta ya mchanga, tangi kubwa lenye mchanga maalumu ndani. Maji yanasukumwa kutoka juu, uchafu unabaki kwenye mchanga, maji safi yanatokea chini. Kuna ya karatasi ngumu iliyokunjwakunjwa, inayoitwa katriji. Hiyo hushika uchafu mdogo zaidi na hutosheka na pampu ndogo, lakini ni lazima uitoe na kuiosha kwa mpira wa maji. Kuna na ya unga, ila hiyo alisema tuiache, unga wake kuupata Kitale ni taabu. Akatuonya juu ya jambo moja zaidi ya yote, kwamba pampu isizidi nguvu za filta. Alichukua kichujio cha chai kilichokuwa kwenye sinia akamimina chai kwa kishindo, na majani yakapita yakaangukia kikombeni. "Unaona? Ukisukuma maji na nguvu sana, hata uchafu inapita," alisema. "Heri pampu ya polepole iendeshwe siku mzima."

Nasimiyu alisema anataka ile ya katriji na pampu ndogo. Mimi nitakuwa namwoshea hiyo katriji, alisema, na yeye hataki kelele, maana mtu asiyeweza kukimbia hupenda kusikia anayemjia. Barasa alicheka kwa upendo akamwita mama, akamwambia asiwaze mambo madogo. Aliwahi kuona tangi la mchanga kwenye hoteli moja Kisumu, refu kama mtu mzima, na alichukua hilo. Pampu akachukua kubwa kuliko aliyotajiwa. Kibet alirudia maneno yake ya chai. Barasa akasema yeye hanunui kitu cha kusukuma maji kama mtoto anayekojoa, na wote wawili wakacheka, na uchaguzi ukawa umekwisha. Mashine ziliwekwa kwenye kibanda cha mawe kilichojengwa kugusana na ukuta wa nyumba ndogo ya pembeni, kwa sababu nyaya za umeme zilikuwa tayari zimefika hapo. Kibet alipendekeza nyuma ya jikoni. Barasa akasema itahamishwa baadaye, wakati nyumba hiyo ndogo itakapopata mtu.

Nayo ilipata mtu kabla bwawa halijajaa. Baba yake Barasa, Mzee Makokha, alifiwa na mkewe huko Bokoli, na mwanawe akaenda kumchukua. Ninyi mliolelewa kwetu mnajua, lakini niseme kwa ajili ya wengine: kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawalali chini ya paa moja, hawapeani mkono, hawakai wakitazamana, na mwili wa mmoja haupaswi kabisa kuonwa na mwingine. Hata kuutaja hautajwi. Mzee Makokha aliishika adabu hiyo bila kujikaza, kama mtu anavyofunga vifungo vya shati. Kila alipotaka kuzunguka kona ya nyumba alisimama kwanza, akakohoa mara mbili, akangoja. Nasimiyu akisikia alivuta leso mabegani, nami nikasema karibu, ndipo alipojitokeza, macho yameelekezwa kwenye miti. Nilikuwa nikimpelekea uji mlangoni kwake, naye alinishukuru akitazama kikombe. Alikuwa mtu wa utani na wengine. Mpalizi wa shamba alimwambia kwamba ametoroka Bokoli kwa kuogopa kulima, na mzee akamjibu kwamba yeye amelima mpaka udongo umeomba kupumzika. Kwetu sisi wawili, dada wa mkamwana na mkamwana mwenyewe, hakuna neno la ziada lililotoka kinywani mwake.

Kibet alinifundisha kazi kabla ya kuondoka. Kila asubuhi natoa majani kwenye kikapu cha pampu, hasa majani ya miti ya migrevillea ambayo huanguka mwaka mzima bila huruma. Natazama geji, kile kipimo cha msukumo wa maji: sindano ikipanda, mchanga umeshiba uchafu. Hapo nazima pampu kwanza, kwa sababu ukigeuza mkono wa filta mashine ikiwa inaenda utavunja mpira wa ndani. Kisha nageuza, nawasha, na maji yanarudi nyuma kupitia mchanga na kutoka na uchafu kwenye bomba la shambani. Nayatazama katika kidirisha cha kioo mpaka rangi ya chai ipotee. Alinionya nisioshe kila siku kwa kujipendekeza, maana mchanga wenye uchafu kidogo huchuja vizuri kuliko uliooshwa mno. Maji ya kisima chetu yalikuwa na kutu ya udongo, na yalipokutana na klorini yakageuka kahawia; ilichukua siku kadhaa za pampu kunguruma mchana kutwa ndipo yakang'aa. Asubuhi yalipong'aa nilimwona Nasimiyu akiyatazama kutoka kwenye kiti chake. Vigae vya chini vilionekana kana kwamba hakuna maji. Nilimvalisha shati kuukuu la Barasa na petikoti, nikamteremsha kwa ngazi nikiwa nimemkumbatia kutoka nyuma, na maji yalipomfika kifuani nikahisi uzito wake ukiniondoka mikononi. Kisha akaniambia, kwa ile sauti yake ya soko ambayo sikuwa nimeisikia tangu ajali, "Nafula, niachilie kidogo."

Jambo lililotuharibia lilitokea muda mfupi baada ya hapo. Pampu ilikuwa inanguruma. Nilikuwa namtoa majini, petikoti imemgandama, shati limepanda, na miguu yake iliyokonda iko wazi mpaka mapajani, na nikainua macho nikamwona Mzee Makokha amesimama kwenye kona ya nyumba na kikombe chake cha uji. Sikusikia kikohozi. Wakati huo niliapa kwamba hakukohoa. Kikombe kilimwanguka, akageuka, akaondoka haraka kuliko umri wake ulivyoruhusu, na siku hiyo hakutoka tena chumbani. Nilimfunika Nasimiyu, nikampeleka ndani, akakataa chakula. Usiku huo sote tulilala mapema.

Kesho yake nilikuwa jikoni nachambua mboga ya mrenda wakati mzee na mwanawe walipoketi nje ya dirisha. Sikwenda kusikiliza, dirisha lilikuwa wazi. Mzee alisema, "Hiyo mashini yako inanguruma kama posho mill, na unga sioni." Barasa akacheka. Mzee hakucheka. "Kelere mingi, Barasa. Mtu akikuja hasikiki." Nikamsikia shemeji yangu akisema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku hiyo: "Basi nitaizima, baba. Ukiwa hapa nyumbani haitawaka." Nilisimama na kisu mkononi. Nilingoja aendelee, aseme kwamba mashine hiyo ndiyo inayosafisha maji, kwamba maji hayo ndiyo dawa ya mkewe. Ingetosha sentensi moja tu. Akamuuliza kama amekunywa chai.

Kuanzia hapo filta iliwaka mzee anapotoka tu. Alikwenda sokoni siku za soko na kanisani Jumapili, na siku nyingine alikaa kibarazani kwake akisuka kamba. Nasimiyu naye, baada ya kuonwa, hakukubali kuingia majini mzee akiwa nyumbani, hata nikitundika mashuka kwenye kamba kuzunguka bwawa zima. Kwa hiyo mashine na mgonjwa walipata saa zile zile chache, na hazikuitosha mashine wala hazikumtosha mgonjwa. Maji yasiyotembea huota utando. Kwanza ukuta wa bwawa uliteleza ukiugusa, kisha maji yakawa na rangi ya maziwa yaliyotiwa maji, kisha kijani. Nilipoiwasha ile pampu kubwa kwa saa zetu za wizi, ilifanya kama Kibet alivyoonyesha kwa chai: ilisukuma ule uchafu mwororo kupitia mchanga na kuurudisha bwawani. Nilimwaga klorini mpaka mikono ikababuka. Kibet alipita akatazama geji, akauliza mashine inafanya kazi muda gani, nikamwambia. Alisema anaweza kuihamishia nyuma ya jikoni kwa kazi ya siku chache, na ukuta mnene ungemaliza kelele. Barasa alisema wazo zuri, wakishavuna. Wakati huo alikuwa anajenga banda la makuti kando ya bwawa, la wageni kukaa. Wageni walikuja. Niliwapikia kuku, na nikiwa nawanawisha mikono nilimsikia mmoja akimwambia Barasa kwamba amemweka bibi yake kama mzungu, na Barasa akawapeleka kibandani kuwaonyesha tangi. Alilipigapiga ubavuni kama ng'ombe wa maonyesho.

Niliongea naye mara moja, sebuleni, Nasimiyu akiwa amelala. Nilisema, "Shemeji, mwambie mzee. Mimi siwezi, dada hawezi. Ni wewe tu." Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. "Nimwambie baba yangu nini? Ati atoke kwa boma ndio bibi yangu avue nguo?" Nilimwambia anaweza kusema juu ya maji, si juu ya nguo. Akasema mzee amefiwa juzi, ameletwa mahali pageni, na hatamfanya ajione mzigo kwa ajili ya mashine. Kisha akashusha sauti akasema na yeye anaumia. Naamini alikuwa akiumia. Nilirudi chumbani nikamkuta dada yangu macho wazi. Mlango haukuwa umefungwa. Alisema, "Muache, Nafula. Ukimsukuma atasema ni mimi nimekutuma." Hakulia. Alivuta shuka na kugeukia ukutani, na kwa namna alivyougeuza ule mwili kwa mikono peke yake nilitambua kwamba amehesabu mambo yote kabla yangu.

Ulikuwa mwaka wa tohara. Agosti ilipofika, wajukuu wa Mzee Makokha wa huko Bokoli walitakiwa kuingia jandoni, na babu hawezi kukosa. Alifunga kifurushi chake, akaaga akiwa amesimama mbali, akaondoka kwa majuma kadhaa. Gari lililomchukua halijafika barabara kuu nikawa nimeshawasha pampu. Ilinguruma tangu alfajiri hadi jioni, na mimi nikiosha mchanga kila sindano ilipopanda, nikisugua kuta kwa brashi, nikivua majani kwa wavu, na siku baada ya siku ule ukijani ulipungua, ukawa wingu, wingu likaondoka, na vigae vikaonekana tena. Barasa alikuwa akienda na kurudi Bokoli kwa sherehe. Nyumba ikawa yetu. Niseme wazi kwamba sijawahi kuwa na majuma kama hayo tena maishani. Tuliamka, tukanywa chai na viazi vitamu, tukaingia majini jua likipanda, tukatoka, tukala, tukarudi. Mwanzoni alinishika mikono yote miwili. Kisha mmoja. Kisha akanituma nisimame upande wa pili wa bwawa, akaanza kuja, maji yakimfika mbavuni, uso umekazika kama wa mtu anayebeba gunia, akavuka kutoka ukuta hadi ukuta bila kushika kitu. Alipofika alinipiga kibao cha begani akasema, "Si nilikuambia?" Hakuwa ameniambia chochote. Tulicheka mpaka mpalizi akaja kuuliza kuna nini. Kabla Agosti haijaisha alisimama jikoni, mkono mmoja umeshika kabati, na kwa mkono wa pili akaukoroga mrenda mpaka ukaiva. Miguu ilitetemeka kama ya ndama. Tulikula ugali na mrenda huo sisi wawili, na alipomaliza alilamba mwiko. Mimi ndiye niliyemwona. Hakuna mwingine.

Mzee alirudi, amenenepa kwa nyama za sherehe, akakohoa mara mbili kwenye kona. Pampu ikazimwa. Barasa aliambiwa kwamba mkewe ametembea majini, akafurahi sana, akasema Mungu ni mwema, na akasema iendelee hivyo hivyo. Sijui alifikiri ingeendeleaje. Msimu wa mavuno vumbi la mahindi lilifunika bwawa kama ngozi, na dada yangu, ambaye sasa alikuwa ameonja, aliingia katika maji hayo siku za soko hata nilipomwambia yamechafuka. Hofu ya kuupoteza mwaka ilimshinda. Kidonda kilifunguka. Homa ikaja, akalazwa, na yule daktari mpole alipomgeuza na kutazama hakuuliza habari za bei ya mahindi. Alisema maji basi. Krismasi ilimkuta Nasimiyu kitandani, amelala kifudifudi, na ilipofika miezi ya kupanda mahindi, miguu ilikuwa imekonda kama alivyotuambia. Barasa aliwaeleza watu kwamba pool ilimkataa. Maji yalifunguliwa yakaenda shambani, na kwenye shimo lile la vigae yakawekwa magunia ya mahindi na turubai juu yake. Mimi niliondoka mwaka huo, nikapanga chumba karibu na Kipsongo, hapo hapo Kitale, nauza mboga mpaka leo. Nilikuwa nikimtembelea. Aliishi katika kiti kile miaka yote iliyobaki, na hakuna siku aliyomlaumu mtu mbele yangu. Lawama nilizibeba mimi, na niseme ukweli, nyingi nilimbebesha mzee: nilimwona kama aliyemtazama dada yangu bila kukohoa, kisha akaona kelele za mashine ni kubwa kuliko miguu ya mtu.

Baada ya kumfukia, watu walipokwenda kula, nilirudi kwenye sahani. Mzee Makokha alikuwa ameketishwa kwenye kiti cha plastiki chini ya ukuta wa jikoni, mzee sana sasa, fimbo kati ya magoti. Nilidhani hanitambui. Alikuwa akilitazama lile tangi muda mrefu.

"Hii tangi ilitoka kwa ile mashini ya kelere," alisema, akitazama tangi, si mimi.

Nikasema ndiyo, baba, ndilo.

"Ilikuwa ya kazi gani? Sikuwahi uliza. Nilijua inapandisha maji kutoka kisima."

Ningeweza kusema chochote. Alikuwa mzee, amefiwa, na jua lilikuwa linamchoma miguuni. Lakini sikujua namna nyingine ya kujibu, nikamwambia ilikuwa ya kusafisha maji. Nikamwambia maji yalikuwa dawa ya Nasimiyu, na bila mashine yalioza, na yalipooza yakaingia kwenye kidonda. Nilimwambia na habari za Agosti, kwamba alivuka bwawa lote peke yake, kwamba alisimama akapika. Alisikiliza bila kusogea. Mwanamke mmoja akaja kuchota, akaona tumenyamaza, akaondoka na jagi tupu.

"Barasa hakuniambia," alisema mwishowe. "Siku ile nilikohoa. Nilikohoa tena sana, mpaka kifua ikauma. Mashini ikameza." Alinyoosha kidole chake kirefu kuelekea tangi. "Nilisema izimwe ndio mama awe anasikia mimi nikikuja. Avae vizuri. Mungeniambia tu, mimi ningekaa Bokoli."

Nilichukua sahani nikaizungusha majini. Barasa alipita na wageni wa kazini kwake, akatuona, akaniuliza kama mzee amekula, nikasema bado, akaagiza aletewe nyama laini, akaenda.

Jua liliposhuka mzee aliinuka. Kaburi liko upande wa pili wa nyumba, na kulifikia ni lazima uzunguke kona. Nilimfuata kwa nyuma nikihofia asianguke, maana udongo ulikuwa mbichi na umekanyagwa na watu wengi. Hakunisikia. Alitembea polepole akigusa ukuta, na alipofika kwenye kona alisimama. Akakohoa mara mbili. Akangoja.

Nikasema, "Karibu, baba."